Mshono wa Pakiti

Siku kile kifaa kilipoingia nyumbani kwa Fundi, kiliingia pamoja na matusi.

Kililetwa Jumapili saa nane mchana na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Risiti kwa sababu hakuwahi kununua kitu, hata kiberiti, bila kudai karatasi yake. Alikaa kwenye kiti cha Fundi bila kukaribishwa, akaweka kiboksi cheupe juu ya meza, kisha akaitoa risiti na kuisoma kwa sauti, tangu jina la duka mpaka dakika aliyolipa.

"Umeisikia bei, shemeji?"

"Nimeisikia. Na majirani wameisikia."

"Wasikie tu. Wajue aliyenunua ni kaka, siyo mwenye mke."

Fundi hakuwa na fedha hiyo. Alikuwa fundi wa saa, na watu siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Nyumba ilikula kwa cherehani ya mkewe, mshonaji wa sare za shule, ambaye wateja walimwita Mama Vifungo kwa jinsi matundu yake ya vifungo yalivyonyooka. Wakati huo alikuwa amekaa karibu na meza, shingo ameipinda kidogo ili aone kwa jicho la kushoto. La kulia lilikuwa limemgomea kwa miezi mitano. Nyuma ya jicho hilo, ndani kabisa, kulikuwa na uvimbe uliojaa maji. Sindano za kawaida alichomwa tatu, hazikushika. Daktari alisema limebaki jambo moja: bomba dogo lenye springi ndani yake, linalofyatua chembe ya dawa katikati ya jicho, na ile chembe inakaa humo ikiyeyuka polepole kwa miezi. Duka la hospitali halikuwa na kifaa hicho. Kwa wauzaji wote kilipatikana kimoja tu, na uvimbe ukiendelea mwezi mmoja au miwili zaidi, daktari alisema, asitegemee tena kuona kwa jicho hilo.

Daktari alikuwa amempa na kazi ya nyumbani. Kila asubuhi afunike jicho zima kwa kiganja, aangalie saa ya ukutani kwa lile bovu, aseme anaona nini. Asubuhi ile alikuwa ameona mshale mkubwa umepinda katikati, lakini alikuwa ameuona.

"Sasa sikilizeni," Risiti alisema, akimwangalia Fundi peke yake. "Hiki kiboksi si kitu. Ila pakiti ya ndani inafunguliwa chumba cha upasuaji, na daktari mwenyewe, amevaa glavu. Haiguswi. Shemeji, unanisikia? Hii siyo saa."

"Nani amesema nitafungua?"

"Nakujua. Wewe hata yai ungelifungua kwanza uone kama kuna kiini."

Mama yake Fundi alikuwa mlangoni akikunja nguo zilizokauka. Hakuweza kuvumilia. "Mwanangu hajawahi kuharibu kitu cha mtu."

"Hajawahi kukabidhiwa, mama."

"Basi, kaka," Mama Vifungo alisema. "Umetusaidia, asante. Usituchambe pia."

Akaitoa pakiti kwenye kiboksi. Ilikuwa ya karatasi ya fedha, nyepesi. Hakuiangalia sana. Aliipitishia kidole gumba pembeni, kama anavyofanya kwa kila nguo inayomfikia mkononi, na kidole kikamwambia kwamba pande zote nne zilibanwa kwa mashine, meno madogomadogo yaliyopangana sawasawa bila hata moja kuruka.

"Mshono mzuri," alisema, akaenda kuiweka kabatini chini ya mashuka.

Jumatatu mchana Mama Vifungo alitoka kupeleka sare. Fundi alibaki kwenye meza yake ya kazi dirishani, mbele yake saa moja ya mkononi ambayo mwenye nayo alishaacha kuiulizia. *Hii siyo saa.* Maneno hayo yalikuwa yamemkaa kichwani tangu jana.

Kwenye kazi yake, spea ambayo haijafunguliwa si spea. Hilo alifundishwa siku ya kwanza na aliyemfundisha kazi. Alishauziwa pakiti zilizofungwa vizuri kabisa, ndani springi zimeshika kutu. Alishauziwa pakiti tupu. Risiti mwenyewe aliwahi kumletea betri ya saa iliyokufa, karatasi yake safi imebandikwa juu. Risiti inaonyesha umelipa, Fundi alipenda kusema, haionyeshi umepewa nini. Leo akaanza kujiuliza: na kama hicho kiboksi ni kitupu? Mke wangu alazwe kitandani, achomwe jichoni na bomba tupu, kwa sababu kaka yake anapenda karatasi?

Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile. Ukweli ni kwamba alikuwa ametukanwa kwenye kiti chake, na kitu kilichomtukanisha kilikuwa hatua kumi kutoka mahali alipokaa.

Aliitoa pakiti kabatini, akapitisha wembe pembeni ya ukingo mmoja, taratibu, kama mtu anayefungua mgongo wa saa ya bei. Ndani kulikuwa na kidude cheupe cha plastiki, kinene kuliko kalamu. Mbele kilikuwa na sindano nyembamba iliyovikwa kofia, ubavuni kitufe kipana, na chini ya kitufe kipande cha plastiki kilichokizuia kisibonyezeke. Fundi alivaa kioo chake cha jichoni, kile cha kukuzia, akakisogeza kidude kwenye mwanga.

Alikipenda. Miaka mingi hakuwa ameshika kitu kilichotengenezwa kwa adabu namna ile. Alivua kofia aione sindano. Alichomoa kipande cha plastiki aone kilikuwa kinazuia nini. Halafu akaweka kidole gumba juu ya kitufe, siyo kubonyeza, kupima tu springi ina nguvu kiasi gani, kama anavyopima kila springi anayokutana nayo.

Tik.

Fundi aliujua mlio huo. Juu ya kitambaa cheusi cha kazi palikuwa na kipande cheupe, chembamba kama ncha ya sindano iliyovunjika. Akipiga chafya, kinapotea. Hicho ndicho kilichokuwa kimelipiwa. Hicho ndicho kilichokuwa jicho la mkewe.

Alihangaika nacho saa nzima. Alikipangusa kibano kwa spiriti, akakipitisha kwenye moto, akaiokota ile chembe na kuirudisha kwenye tundu la sindano, na mkono wake haukutetemeka hata mara moja. Kitufe tu ndicho kilichokataa. Kilizama, hakikurudi, na kwa ufundi wake wote hakuweza kukinyanyua. Akakirudishia kile kipande juu yake ili kisionekane. Akavika kofia. Akapasha moto chuma chake cha kulehemu, akafunga ukingo wa pakiti mstari mmoja ulionyooka kama rula.

"Unachoma nini humu?" Mama yake alisimama nyuma yake.

Akamwambia. Mama yake alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Basi hakuna kilichotokea."

"Mama, ni jicho la mtu."

"Na wewe ni mwanangu. Yule Risiti akijua atakuvua nguo mbele ya mtaa mzima, na hutazivaa tena. Watakichoma, kikikataa watasema kifaa kibovu. Vifaa vibovu vipo. Si wewe mwenyewe unayesema kila siku?"

Fundi alijua hiyo ni dhambi. Alijua vizuri kuliko mama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekisikia kitufe. Alirudisha pakiti kwenye kiboksi, kiboksi chini ya mashuka, akayanyoosha mashuka kwa viganja.

Mama Vifungo alirudi jua halijazama. Alinawa mikono, akaenda kabatini kuweka tayari vitu vya kesho: kadi ya hospitali, kanga ya kubadilisha, kiboksi. Akaitoa pakiti. Kidole gumba kikatembea pembeni. Meno. Meno. Meno. Upande wa nne kikateleza.

Akarudia. Kikateleza tena.

Kuna kitu mshonaji hahitaji macho kukijua. Mshono uliofumuliwa ukashonwa upya haukai mahali pake pa zamani, unaingia ndani kidogo. Pakiti ilikuwa imepungua upana, kiasi cha unene wa ukucha. Alikaa sakafuni mbele ya kabati. Aliogopa, na chini ya woga kulikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu yeyote aliyekula naye chakula.

Akatoka kwenda sebuleni.

"Kuna mtu alifungua kabati leo?"

"Kabati gani?" Fundi aliuliza, na nyumba ile ilikuwa na kabati moja tu.

"Mimi," mama yake alidakia. "Nilikuwa natafuta shuka langu."

"Ulilipata, mama?"

"Sikulipata."

"Liko kwenye kamba nje. Nimelifua asubuhi, na wewe ndiye uliyenianikia."

Mama mkwe akaanza kukohoa. Mama Vifungo akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe, karibu, akimwelekezea jicho lake la kushoto.

"Mume wangu. Kama kuna neno unataka kuniambia kabla ya kesho, niambie sasa hivi. Sitapiga kelele. Sitamwambia kaka."

Ulikuwa mlango wazi, na mtu mwenye akili angeingia. Fundi aliangalia mikono yake.

"Neno gani? Kapumzike, mke wangu. Kesho tunaamka mapema."

Mtu atauliza kwa nini mke hakumtupia ile pakiti usoni palepale. Alitaka asikie kutoka kinywani mwake, basi. Na pembeni ya moyo alikuwa na tamaa kwamba kidole kimekosea, kwa sababu kidole kikiwa sahihi hapakuwa na kifaa kingine.

Kesho yake hospitalini, benchi la wagonjwa wa macho lilikuwa refu na gumu. Risiti alikaa ncha moja, ameshika bahasha yenye kila karatasi. Fundi na mama yake walikaa ncha ya pili. Mama Vifungo alikaa katikati, gauni la hospitali limefungwa mgongoni, paji la uso limechorwa alama ya kalamu juu ya jicho la kulia ili mtu asije akakosea. Kifaa alikuwa amekishika mwenyewe tangu nyumbani.

Nesi alitoka na faili. Alikuwa mtu aliyekwishachoka kabla siku haijaanza.

"Jicho la kulia! Kifaa kiko wapi? Ndugu wa mgonjwa nani? Wewe ndiye mume? Basi njoo utie sahihi, usinisimamishe."

"Natia sahihi ya nini?"

"Hujui kusoma, mzee? Hapo. Mgonjwa ameleta kifaa chake mwenyewe, kikiwa hakijafunguliwa."

Fundi alishika kalamu. Mkewe alimwangalia. Kalamu ilikaa hewani muda wa mtu kuvuta pumzi mbili, kisha ikaandika jina, vizuri, kwa mwandiko wake mdogo wa kuandika ndani ya migongo ya saa.

"Nesi," Mama Vifungo alisema. "Hiki kimefunguliwa."

Risiti aliruka kutoka kwenye benchi. "Kimefunguliwa na nani?"

"Nimesema kimefunguliwa."

Nesi alinyakua pakiti, akaigeuza huku na huku kwenye taa. "Mbona iko nzima? Mama, usinichezee. Wenzako wanasubiri."

Daktari wa macho, mwanamke mfupi aliyekwisha kuvaa kofia ya upasuaji, alisikia kelele akatoka. Naye akaigeuza. Kazi ya Fundi ilikuwa nzuri, lazima isemwe. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizofanya mwaka ule.

"Pakiti ni nzima," daktari alisema. "Mama, kila mtu anaogopa akifika kwenye mlango huu. Ni dakika chache tu, na jicho litakuwa limekufa ganzi. Twende."

Sasa Mama Vifungo alisimama. Hakwenda kwa daktari. Alikwenda mpaka ncha ya benchi, akasimama mbele ya mumewe.

"Umesikia. Daktari anasema ni nzima. Niingie?"

Benchi lote lilikuwa linasikiliza. Wagonjwa wenye pamba machoni waligeuza masikio. Risiti alikuwa na kidole hewani, tayari. Fundi alimwona shemeji yake, akaona midomo inavyomcheza, akaona mtaa mzima nyuma yake. Akaangalia saa ya mkononi.

"Daktari ndiye anayejua kazi yake," alisema. "Ingia."

"Ingia, mwanangu," mama yake akaongezea. "Usiogope."

Mama Vifungo alitikisa kichwa mara moja, kama mteja aliyetajiwa bei na kuamua kuondoka. Kwenye kitoroli cha nesi kulikuwa na mkasi wa bandeji. Aliuchukua kabla nesi hajapanua mdomo, akaipokonya pakiti mkononi mwa daktari, akaikata kwa mkato mmoja, upande uleule uliokuwa unateleza.

"Mama!" daktari alipiga kelele. "Sasa umekiharibu!"

"Angalia mwenyewe kama hakijaguswa."

Daktari alichomoa kipande cha plastiki. Chini yake kitufe kilikuwa kimezama mpaka mwisho.

"Hiki kimeshafyatuliwa."

"Lakini dawa imo!" Fundi alikuwa amesimama. Hakujua amesimama saa ngapi. "Imo, daktari, niliirudisha mwenyewe kwa kibano, imo ndani ya sindano! Na nilipangusa kila kitu kwa spiriti. Kibano nilikipitisha kwenye moto. Hakuna uchafu pale!"

Aliyasema kwa kujitetea, lakini ndani ya sauti kulikuwa na majivuno kidogo, na kila mtu pale kwenye benchi aliyasikia.

"Mzee," daktari alisema polepole, "ningekiingiza hiki kwenye jicho lake, chenye vidudu vya mezani kwako, huenda wiki isingekwisha tungekuwa tunaling'oa. Spiriti yako si kitu. Na wewe umetia sahihi." Akavua kofia. "Nendeni nyumbani. Muuzaji anasema mzigo mwingine ni miezi miwili, Mungu akipenda. Nesi, mwite anayefuata."

Wote walimsubiri Risiti apige kelele. Hakupiga. Alifungua bahasha, akatoa ile risiti, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati la Fundi na kuupigapiga mfuko kwa kiganja.

"Hii yako sasa, shemeji. Itunze."

Nje ya geti la hospitali Fundi alijaribu kumshika mkewe mkono avuke barabara. Mkewe aliutoa.

"Nilitaka tu kuhakikisha," Fundi alisema. "Ningejuaje kama huyo kaka yako hakuuziwa pakiti tupu? Nilifanya kwa ajili yako."

"Kufungua ningekusamehe. Leo hii ningekusamehe, hata kabla hatujafika nyumbani. Ndivyo ulivyo, nilikukuta hivyo." Sauti yake haikupanda. "Lakini nilikuuliza niingie, ukasema ingia."

Mama mkwe akafungua mdomo.

"Na wewe, mama, usiniite mwanangu."

Mzigo mwingine ulifika wiki ya tisa. Risiti alikiweka kifaa nyumbani kwake, kabatini, ufunguo shingoni, akakileta hospitali asubuhi ya siku yenyewe. Safari hii Fundi hakuitwa kutia sahihi. Daktari alikifyatua mahali panapostahili, chembe ikaingia, uvimbe ukapungua mwezi uleule. Kifaa kilifanya kazi yake yote. Ila katikati ya jicho, pale pa kuonea uso wa mtu, palikuwa pamekwisha kufa katika zile wiki tisa. Pembeni aliona mwanga na vivuli.

Hakumfukuza mumewe. Watu walitegemea amfukuze, na Risiti alishampangia maneno ya kumfukuzia. Alimtafutia kazi. Kila asubuhi Fundi anavaa kioo chake cha jichoni, anatunga uzi kwenye sindano kumi na mbili, anazichomeka kwenye mto mdogo, mstari mmoja, kisha anakaa pembeni ya cherehani asubiri ziishe. Hazungumzi asipoulizwa. Wateja wakija wanasalimia Mama Vifungo, halafu wanamsalimia yeye kwa sauti ya kumsalimia mgonjwa.

Zoezi la daktari Mama Vifungo hakuliacha, ingawa hakuna aliyemwambia aendelee nalo. Kabla hajakanyaga cherehani, anafunika jicho zima kwa kiganja, anageukia ukutani. Zamani aliona mshale umepinda. Siku hizi anaona ukuta.

"Saa ngapi?"

Fundi anaangalia saa ambayo ameijaza ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, saa isiyopoteza hata dakika kwa mwezi.

"Saa mbili na dakika kumi."

Mkewe anaondoa kiganja, anageuza shingo, anaiangalia mwenyewe kwa jicho la kushoto. Ni saa mbili na dakika kumi. Anachukua sindano ya kwanza, anauvuta uzi kuona kama umeshika, anaanza kazi.